Uso wa Gari la Marehemu



Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba, vitabu na gari dogo aina ya Mini. Nyumba tuliigawa upesi. Vitabu vilikwenda madrasani. Gari lilibaki kwangu kwa kuwa funguo zilikuwa mfukoni mwangu, na kwa muda wa miaka minane hapana aliyeniuliza.

Vijana wa leo wengi hawalijui. Lilibuniwa na Alec Issigonis, likatoka Uingereza mwaka 1959, na likaendelea kuundwa hadi mwaka 2000. Urefu wake ni mita 3 na kidogo. Injini imekaa kwa kukingama, giaboksi imo chini yake, na vyote viwili hutumia oili moja. Kwa ubanifu huo watu wanne huketi, lakini fundi ndiye anayetaabika. Distribyuta iko nyuma tu ya grili. Masika yakianza, maji huirukia na gari huzima njiani. (Mara ngapi nimechelewa darasa kwa sababu hiyo, wanafunzi wangu wanajua, wala sikuwaona wakisikitika.)

Hewa ya bahari haina huruma kwa bati. Mwaka jana kutu ilikuwa imekwisha kuyala madigadi yote mawili ya mbele. Mwanangu, aliyesomea ufundi wa magari, akaniletea shauri: tukate uso wote, yaani boneti, madigadi na bati la mbele, tuweke uso mmoja wa faiba unaofunguka kwa kuinamia mbele, mfano wa kifuniko cha sanduku.

"Abba, faiba hailiwi na kutu," akasema, "na injini utaifikia yote bila kuuumiza mgongo."

Sifichi kwamba nilivutiwa. Mgongo wangu nao ulitoa rai yake.

Tukaenda kwa fundi mzee. Akaligonga bati kwa kidole, akasema, "Sheikh, gari hili halina chesisi. Bati ndiyo mifupa yake." Akatukumbusha Triumph Herald ya zama zile, ambayo uso wake wote ulifunguka hivyo tangu kiwandani, lakini ile ilikuwa na chesisi chini. Katika Mini, fremu ya chuma inayobeba injini na magurudumu ya mbele imefungwa upande mmoja kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, na upande wa pili kwenye bati lilelile tulilotaka kulikata. Ukiliondoa, huna budi kuweka vyuma vya kuishikilia fremu, tena kwa vipimo sahihi, ama sivyo gari hupoteza uimara wake. Na likigongwa, faiba hupasuka vipande pale ambapo chuma kingekunjika. Wengi wamefanya, alisema, hasa wenye magari ya mashindano. Ila kilichokatwa hakirudi.

Nikarudi nyumbani kuwapasha habari akina mama, si kuwataka shauri. Dada yangu mkubwa akanitazama.

"Sheikh, si wewe unayefundisha mirathi? Hilo gari ni la nani?"

Nikanyamaza. Hesabu yenyewe nimeiandika ubaoni mara zisizo na idadi. Mjane ana thumuni. Kilichobaki, mwana wa kiume hupata fungu la mabinti wawili. Kwa mama, mwana mmoja na mabinti wawili, mali huwa mafungu 32: mama 4, mimi 14, dada zangu 7 kila mmoja. Wanawake watatu wana 18. Nilikuwa nimeinua msumeno juu ya mali ambayo zaidi ya nusu yake si yangu, na miaka minane nimeiendesha bila kuomba ruhusa.

Basi wakatoa rai zao. Dada mdogo, kwa mshangao wangu, aliipenda faiba. Mkubwa alitaka liuzwe. Mama aliuliza kama uso mpya utafanana na wa zamani. Nikamwambia utafanana, ukiutazama kwa mbali. Akanijibu kwamba kwa mbali haoni tena.

Tuliwaita mafundi wawili wakalikadiria thamani, nami nikakubali kuyanunua mafungu yao kwa awamu. Uso utabaki wa chuma. Faiba haina ubaya kwa mwenye gari la mashindano na fedha za kuifunga ipasavyo, lakini mimi nabeba wajukuu. Mwanangu alinuna siku tatu, kisha akaanza kuondoa kutu, na distribyuta ameivisha glavu ya mpira, maji yasiifikie.

Dada mdogo nimemlipa. Wa mkubwa zimebaki awamu mbili. Mama ameikataa fedha yake. Anasema kwanza apelekwe hadi Likoni ndani ya gari hilo, kiti cha mbele, upande aliokuwa akiketi.