Mbona Hasira Yetu Haifiki Kakuma?

Kanjo akimwaga nyanya za mama mboga asubuhi, kufikia saa sita mchana video iko kwa kila simu. Tunamtafuta huyo askari jina, tunamtukana, na mwingine anauliza namba ya M-Pesa ya mama. Hiyo ni poa, na isikome. Lakini hebu tuulizane kitu: mbona moto huo hauwaki kila mahali?

Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha sivyo, na watu wakaingia barabarani. Mwaka huo huo, wakimbizi wa Kakuma nao waliandamana, kwa sababu pesa za wafadhili zilipungua na mgao wao wa chakula ukakatwa vibaya. Ulisikia? Wengi hatukusikia. Na Kakuma si ng'ambo. Iko Turkana, hapa hapa Kenya.

Utaambiwa shida ni umbali. Si kweli, bana. Khartoum iko karibu na Nairobi kuliko Gaza, lakini Mei 2024 ile picha ya Rafah ilijaa kwa status za vijana kila kona ya jiji. Vita vya Sudan vilianza 15 Aprili 2023. Zaidi ya watu milioni 10 wamehama makwao. Mji wa El Fasher ulizingirwa zaidi ya mwaka mzima, watu ndani wakifa njaa, hadi wapiganaji wa RSF wakauteka Oktoba 2025. Status zetu zilisema nini? Wengi, kimya.

Kwa hivyo si kilomita. Mimi naona ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni uso. Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 na Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic. Watu waliombwa mchango. Wengine walielezwa habari za Rokia, msichana wa miaka saba kutoka Mali. Wengine walipewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliosoma kuhusu Rokia walitoa zaidi ya maradufu. Sasa sikia hii: waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa pungufu kuliko waliopewa Rokia peke yake. Namba zilipoza roho. Wahenga hawakuhitaji utafiti, walishasema kifo cha wengi ni harusi.

Cha pili ni mtu wa kunyooshewa kidole. Kanjo ana sare na sura. Lakini mgao ukikatwa Kakuma, unamlaumu nani? Bajeti ya nchi fulani huko mbali? Hata Sudan, ukiambiwa ni Burhan na Hemedti, majenerali waliopindua serikali pamoja 2021 kisha wakageukiana, unachoka kabla hujamaliza kusoma. Unasema "wanamalizana wenyewe," unaendelea kuskroli. Lakini anayekufa si jenerali. Ni mama aliyekuwa anatafuta maji.

Cha tatu ni kitu cha kufanya. Mwaka 2011 njaa ilipokaza kaskazini, Wakenya walichanga mamia ya mamilioni ya shilingi katika ile kampeni ya Kenyans for Kenya. Lodwar haikuwa imesogea hata inchi moja kuja Nairobi. Tofauti ni kwamba kila jioni picha zilikuwa kwa habari, na kulikuwa na njia ya kutuma kidogo ulichonacho kwa simu. Watu walipata mlango, wakaingia.

Najua kuna msee anasema: rent sijalipa, kazi hakuna, unaniletea Sudan? Ni haki yake kuuliza. Moyo una mipaka, na hakuna mtu anaweza kulilia dunia nzima. Lakini Sudan haikungoja tuialike. Februari 2025, RSF na washirika wao walikutana hapa Nairobi, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Sudan ikamwita nyumbani balozi wake, na Machi ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo. Muulize mkulima wa Kericho au Nandi kama hayo ni ya wenyewe.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi. Intaneti imezimwa Sudan mara kadhaa tangu vita vianze. Kama hasira yetu lazima ingoje video, basi mwenye kutaka kuua watu kimya kimya anahitaji tu kuzima mtandao. Sisi wa 25 Juni 2024, tulioona intaneti ikisumbua wakati risasi zinalia mjini, tunafaa kuwa wa kwanza kuelewa hilo. Siku hiyo tulitaka dunia itutazame. Watu wa El Fasher walitaka hivyo hivyo.

Siombi mtu akasirike kuhusu kila kitu. Ukijaribu, utachoka ndani ya wiki moja na utaacha yote. Ninachosema ni uchague mahali pamoja ambapo hapatrendi, uwafuate kwa mwaka mzima. Jua majina ya miji yao. Kama darasani au mtaani kuna Msudani au mtu aliyelelewa Kakuma, msikilize akiongea kuhusu kwao, maana huyo ndiye uso ambao takwimu haina. Na mbunge wako akija kuomba kura 2027, mwulize kuhusu ile saini ya Nairobi vile unavyomwuliza kuhusu barabara.

Mimi nimechagua Sudan. Wewe umechagua wapi?