Mama Zetu Wasiotajwa



Wapendwa Familia ya Mungu, hapa Kibiti swali la “Kwenu wapi?” si salamu tena kama zamani. Tangu wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007 wafike Rufiji na mifugo yao, na hasa baada ya mauaji yaliyotutikisa mwaka 2016 na 2017, mara nyingi huulizwa kwa jicho la shaka. Basi tujiulize: mwenyeji ni nani?

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani yetu, ikiwemo Kilwa, Songo Mnara na Lindi, kati ya miaka ya 1250 na 1800. Vipo vinasaba ambavyo mtu hurithi kwa mama peke yake, na vingine baba humrithisha mwana wa kiume. Kwa njia hiyo wataalamu wakatambua kwamba, tangu mnamo mwaka 1000, wanaume waliotoka Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Kwa wengi wa waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hiyo ilitoka hasa kwa akina mama.

Masimulizi ya kale ya Kilwa hayakusema uongo yalipomtaja mwana wa mfalme kutoka Shirazi aliyenunua kisiwa kwa nguo. Lakini yalihifadhi majina ya akina baba, na akina mama wakasahauliwa. Mifupa imewakumbuka.

Mwinjili Mathayo naye hakuwasahau. Katika ukoo wa Bwana wetu aliwaandika Tamari, Rahabu wa Yeriko, Ruthu Mmoabu na mke wa Uria. Mwana wa Mungu hakuona haya kuzaliwa katika ukoo wenye damu ya wageni.

Delta yetu haijawahi kufunga mlango. Shanga za Kirumi alizozifukua Profesa Felix Chami huko Mkukutu, Kibiti, zashuhudia kwamba bidhaa za mbali zilifika hapa tangu zama za kale. Mndengereko, Mmatumbi, Msukuma, Mkristo na Mwislamu, sote tuna bibi tusiyemjua jina.

Juma hili, kabla ya kumwita jirani “wa kuja”, tumwombee kwanza bibi huyo. Huenda naye alikuja, akapokewa.

Mungu awabariki nyote.