Safari ya Korongo la Mto wa Samaki

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya kusini, na zaidi mmeuliza kwa nini Mwalimu wetu mstaafu alirudi nyumbani amevaa kandambili. Basi tutawasimulia yote kwa utaratibu, na kosa letu pia, maana habari inayoficha kosa la msimuliaji haiwafai watu wa nyumbani.

Katika nchi ya Namibia, upande wa kusini, uko mto uitwao Fish River, yaani Mto wa Samaki. Chanzo chake ni milima ya Naukluft, nao hushuka yapata kilomita 650 mpaka kuingia katika mto mkubwa wa Orange, ulio mpakani mwa Namibia na Afrika ya Kusini. Nchi yote ile ni kavu. Mvua ni haba, na miti ya kutoa kivuli ni ya kuhesabu. Miezi mingi mto wenyewe hautiririki, bali hubaki vidimbwi vidimbwi, kama shanga zilizokatika uzi. Hata hivyo mahali pale pana korongo ambalo urefu wake ni kilomita 160, upana wake mahali pengine hufika kilomita 27, na kina chake yapata mita 550. Wenye elimu ya miamba husema kwamba mto haukufanya kazi hiyo peke yake: kwanza ardhi ilipasuka na kuzama, ndipo maji yakaishika njia ile na kuikata zaidi. Mawe ya chini kabisa yana umri wa zaidi ya miaka milioni elfu moja.

Tulikuwa watu wanne. Wa kwanza ni Mwalimu, mwenye umri wa miaka 62, ambaye alitufundisha sisi wengine wote kusoma na kuandika katika shule ya kijiji chetu huko Ungoni. Wa pili ni mganga wa zahanati. Wa tatu ni fundi wa umeme, mtoto wa kijiji chetu, ambaye sasa hufanya kazi mjini Windhoek; ndiye aliyetualika. Wa nne ni sisi tunaoandika. Tulitoka Songea kwa basi hadi Mbeya, tukavuka mpaka Tunduma, tukaipita nchi ya Zambia, tukaingia Namibia penye Katima Mulilo. Toka Windhoek, fundi akiwa ametupokea, tulishuka tena yapata kilomita 500 hadi Keetmanshoop, kisha tukashika njia ya changarawe mpaka Hobas, ukingoni mwa korongo.

Kushuka huko si ruhusa siku zote. Njia hufunguliwa tarehe 1 Mei na kufungwa tarehe 15 Septemba, kwa kuwa miezi mingine joto la chini hupita nyuzi 40, na mvua ikinyesha mbali maji huja ghafula. Haifai mtu kwenda peke yake, na kila mmoja hutakiwa kuonyesha cheti cha daktari. Mwalimu alipimwa moyo, damu na magoti, akapewa cheti kizuri kuliko vyetu. Daktari alimpima kila kitu isipokuwa viatu.

Jioni ile, hapo Hobas, tulitandaza vitu vyetu juu ya turubai ili tugawane mizigo. Tulikuwa na unga, dagaa, karanga, chumvi, sukari na majani ya chai. Sufuria moja na jiko dogo la gesi. Mablanketi na chupa za maji. Chakula kilikuwa cha siku tano, na cha siku moja ya akiba. Kila shanta lilifika kilo 15 hivi. Ndipo Mwalimu akafungua gazeti alilolikunja vizuri, akatoa buti. Alizinunua mwaka aliofanywa mwalimu mkuu, akazivaa siku chache, kisha akazitunza sandukuni kwa siku kubwa. Ngozi yake iling'aa. Lakini penye vidole soli ilikuwa imeachama, kama mdomo wa kambare.

Fundi akamtazama mganga, mganga akatutazama sisi, nasi tukaitazama taa. Hakuna aliyesema neno. Nani atamwambia mwalimu wake ya kwamba viatu vyake vimekufa? Tulikumbuka jinsi tulivyosimama sote alipoingia darasani, tukajiambia moyoni kwamba kunyamaza kwetu ni heshima.

Asubuhi tukashuka. Mwanzo wa njia ni mkali sana, hata imewekwa minyororo ya kushika. Kila tulipoteremka, upepo ulipungua na ukuta ukapanda nyuma yetu, hata mbingu zikawa ukanda mwembamba. Chini hakuna njia iliyofanywa na watu. Ni majabali makubwa kama vibanda, na katikati yake mchanga mwingi unaomeza mguu hata kifundo. Siku ile yote tulikwenda mwendo mfupi tu. Usiku ulikuwa wa baridi kali, nasi tulijikunyata katika mablanketi tukizitazama nyota, nazo zilikuwa nyingi kuliko tulivyopata kuona nyumbani.

Siku ya pili Mwalimu alianza kubaki nyuma. Tulipomngoja alisema, "Tangulieni, wanangu. Mimi nayatazama mawe." Nasi tukaridhika, maana kweli alipenda kuyatazama. Saa sita tuliona ameifunga buti ya kushoto kwa kitambaa. Saa tisa alikuwa ameifunga na ya kulia. Tukaona, tukanyamaza tena.

Jioni tulifika penye chemchemi za mitende. Hapo maji hutoka ardhini na moto wa nyuzi 57, yakinuka kiberiti, na kando yake imeota mitende. Husimuliwa ya kwamba Wajerumani wawili waliotoroka kifungoni wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 walijificha hapo wakila tende, na kokwa walizotupa ndizo zilizoota. Kama ndivyo au sivyo, kivuli chake ni kitamu. Sote tukavua viatu, tukatia miguu katika maji yaliyokwisha kupoa kidogo mkondoni. Mwalimu alikaa mbali, hakuvua.

Mganga akamwendea, akapiga magoti mchangani. "Mwalimu, naomba mguu."

"Mguu wangu ni mzima."

"Naomba niuone tu, Baba."

Soksi haikutoka mpaka ilipoloweshwa, kwa kuwa ilikuwa imegandamana na damu. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, na kisigino hakikuwa na ngozi. Soli moja ilibaki mkononi mwa mganga kama kipande cha mkate mkavu.

Tukakaa kimya. Toka hapo kwenye chemchemi iko njia ya kupanda na kutoka korongoni, nayo ni ya mwinuko mno. Lakini atakayeipita chemchemi na kuendelea na mto hujitia katika safari ndefu. Kilomita zaidi ya 15 tulikuwa tumeziacha nyuma, na kama 70 zilikuwa mbele. Fundi akasema turudi sote. Mganga akasema kisigino kile hakitaweza kupanda mwamba leo wala kesho. Sisi hatukusema kitu.

Ndipo Mwalimu akatuuliza, kwa sauti ile ile ya darasani, "Kule Hobas, mliziona hizi buti?"

"Tuliziona, Mwalimu."

"Mliona soli zake?"

"Tuliona."

"Mbona hamkuniambia?"

Fundi akajibu kwa niaba yetu, "Tulikuheshimu, Mwalimu."

Alitutazama mmoja mmoja. "Heshima gani hii, ya kumwacha mtu ashuke katika korongo hana viatu? Ninyi mlijiheshimu wenyewe, mkaogopa uso wangu." Kisha akainamisha kichwa. "Lakini na mimi tangu asubuhi nimewadanganya. Sikuwa nikitazama mawe. Nililia huko nyuma, sikutaka mnione. Basi tu sawa."

Hatujapata kusikia maneno mazito kama hayo tangu tulipotoka shuleni. Tukamwomba radhi, naye akatuomba radhi. Kisha tukafanya shauri kama watu wazima. Mganga aliamua tupumzike hapo siku moja nzima. Kisigino kikivimba au homa ikija, wawili watapanda kwenda kutafuta msaada, na mmoja atabaki naye. Kikitulia, tutaendelea. Chakula tukakigawa upya kwa siku saba, vikombe vya unga vikihesabiwa mbele ya wote. Na Mwalimu akaweka sharti: "Kila saa moja mtaniuliza hali, nami nitasema kweli. Nami nitawauliza, nanyi mtasema kweli."

Siku ya tatu homa haikuja. Siku ya nne asubuhi mganga alikifunga kisigino, akatoa kandambili zake, ambazo alizichukua kwa kuvukia vidimbwi, akazifunga miguuni pa Mwalimu, juu ya soksi mbili, kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mzigo wake tuligawana watatu, tukamwachia blanketi, chupa ya maji na fimbo. Tena tukamweka mbele. Tangu hapo mguu wake ndio uliokuwa saa yetu.

Ilipofika saa ya kwanza tukamwuliza, akajibu, "Unauma, lakini si kama juzi." Naye akatuuliza. Fundi akakiri kwamba goti lake lilipigwa kwenye jabali tangu siku ya kwanza. Mganga akasema kwamba hakulala usiku kwa hofu ya homa. Nasi tukakiri kwamba maji ya chupa yetu yalikuwa yamekwisha zamani, tukiona haya kuomba. Tazameni, wasomaji: kumbe kila mmoja wetu alikuwa na soli iliyoachama!

Mbele ya chemchemi korongo hupanuka, na majabali hupungua. Mto hupinda na kupinda, na mahali pengine wasafiri hukata shauri la kupita vilimani ili kufupisha. Kwa kuwa tulikwenda polepole, tuliona mengi. Tulimwona mbuzi mawe amesimama juu ya ncha ya mwamba, kwato nne mahali pa kikombe kimoja. Tuliona nyayo za punda milia wa milimani mchangani, na nyani wakatubwekea toka ng'ambo. Maji tuliyachota vidimbwini, tukayachemsha, tukayanywa na ladha yake ya matope.

Siku ya sita tuliupita mwamba ulioinua ncha nne kama vidole vya mkono, na mbele yake tukafika penye kaburi. Ni la afisa wa Kijerumani aliyeitwa von Trotha, wa ukoo mmoja na jenerali mwenye jina hilo, naye aliuawa hapo mwaka 1905, katika vita vya Wajerumani na Wanama. Mawe yamelundikwa juu yake. Fundi akatueleza ya kwamba katika vita hivyo Wanama wengi walifungwa katika kisiwa cha Shark Island, karibu na Lüderitz, wakafa kwa baridi, njaa na maradhi. Hata kiongozi wao Cornelius Fredericks alifia huko mwaka 1907.

Mwalimu akaketi juu ya jiwe. "Mwaka 1905," akasema. "Mwaka huo huo, bendera hiyo hiyo, kwetu vilianza vita vya Maji Maji. Mwaka 1906 wazee wetu walinyongwa Songea. Kisha mashamba yakachomwa, ikaja njaa. Babu yangu alikuwa mtoto wakati huo. Hakutusimulia hata siku moja. Lakini tukibakiza ugali sahanini, alikuwa akiinuka na kutoka nje. Tulidhani ana hasira. Sababu yake niliisoma kitabuni nilipokuwa chuo cha ualimu, naye babu amekwisha kufa. Sikupata kumwuliza, maana nilimheshimu."

Serikali ya Ujerumani ilikiri mwaka 2021 kwamba waliyotendewa Waherero na Wanama yalikuwa mauaji ya kimbari, na mwezi wa Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha. Tangu vita hata hapo ni zaidi ya miaka mia moja. Mwalimu akaokota jiwe dogo akaliweka juu ya kaburi, maana alisema maiti hana ugomvi na mpita njia. Kisha akaokota la pili, akaliweka pembeni, peke yake juu ya mchanga. "Hili ni la wale ambao hatukuonyeshwa kaburi lao." Nasi tukaweka yetu kando ya hilo la pili. Halafu tukamwuliza hali, kwa kuwa saa ilikuwa imefika.

Siku ya saba, jua likielekea kuchwa, tukafika Ai-Ais, ambayo kwa lugha ya Wanama maana yake ni maji yaunguzayo. Unga ulikuwa umebaki kikombe kimoja. Mwalimu akazitoa zile buti katika shanta, maana alikataa tusizitupe korongoni, akaziweka mwenyewe katika pipa la taka. Kisha akaingia katika maji ya moto mpaka kifuani, akacheka kama mtoto.

Basi, wenye nyumba na walimu wenzetu, tunayo haja moja kwenu. Mkimwona mzee wenu anaianza safari, iwe ya mguu au ya shauri lolote, na soli yake imeachama, msiitazame taa. Pigeni magoti kwa adabu, mwambieni, kabla mawe hayajamwambia. Nanyi wazee, mtakapoulizwa hali ya mguu, jibuni kweli. Kisigino cha Mwalimu kimepona. Siku hizi akitukuta njiani hatuamkii kwanza. Hutazama viatu vyetu.