Kinyunya

Kiswahili kina neno ambalo vijana wa leo aghalabu hawalijui: kinyunya. Ni kimkate kidogo, au kidonge tu cha unga uliokandwa, ambacho mama humpa mtoto ashughulike nacho jikoni chakula kingali motoni. Anayelijua neno hili hana haja ya kuelezwa kwa nini mtoto hulipenda donge bichi kuliko mkate wenyewe. Donge ni laini, sukari yake haijaguswa na moto, na zaidi ya yote ni la wizi: huliwa kwa kidole, mama akiwa amegeuka.

Siku hizi wizi huo umehalalishwa. Donge la biskuti limekuwa kitafunio kinachojitegemea, hutengenezwa makusudi ili liliwe lilivyo bila kuingia jikoni, na sharti lake la kwanza ni kwamba lisiwe na yai. Yai bichi huweza kubeba vijidudu vya salmonela, na hilo limekuwa likisemwa kwa miaka mingi hata mtoto wa skuli analijua. Basi wapishi wakaliondoa yai, wakatia maziwa kidogo mahali pake ili donge lishikamane, wakaondoa na vya kuumulia, kwa kuwa kisichookwa hakina haja ya kuumuka, kisha wakaona kazi imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2009, nchini Marekani, watu zaidi ya 70 waliugua baada ya kula donge la biskuti lililouzwa tayari madukani. Mtu angeweza kulituhumu yai kwanza. Lakini kijidudu kilichopatikana kwa wagonjwa, E. coli wa aina kali, hakina mazoea na mayai, na wachunguzi wakaugeuzia macho unga. Mwaka 2016 unga ulishikwa dhahiri: watu 63 katika majimbo 24 ya nchi hiyo waliugua, na ushahidi ukaelekea kwenye unga wa ngano wa kampuni ya General Mills. Jambo hili lilikuwa jepesi kulifahamu, ila halikuwa limefikiriwa. Ngano hukua shambani, ndege na wanyama wakipita juu yake na kando yake. Huvunwa, husagwa, hutiwa mfukoni. Hakuna mahali popote katika safari hiyo ilipopikwa. Unga mweupe, mkavu, usio na harufu, ni kitu kibichi sawa na nyama iliyo buchani.

Ndipo ukaenea ushauri wa kuukaanga unga kwanza, au kuutia katika joko dakika chache, kabla ya kuuchanganya na siagi na sukari. Ushauri huu una nusu ya kweli. Kijidudu kilichomo ndani ya kitu kikavu huvumilia moto kuliko kilichomo majini, na mamlaka ya chakula ya Marekani haikubali kwamba joto la haraka la jikoni latosha kuusafisha unga mkavu. Kinachokiua kwa uhakika zaidi ni moto pamoja na maji: unga uchemshwe, ushike, utokote kama uji mzito. Kwa maneno mengine, usalama wa donge lisilookwa unatokana na kulipika.

Watu wa pwani wala hawakungoja ripoti hizo. Ladu lao ni donge lisilo na yai wala haja ya joko: unga hukaangwa hadi ugeuke rangi na kunukia, ukachanganywa na sukari au asali, tangawizi na pilipili manga, ukafinyangwa kwa kiganja. Pepeta nayo, ambayo ni mpunga mchanga, hukaangwa kabla ya kutwangwa. Haikuwa hofu ya vijidudu iliyowafundisha, bali ulimi. Unga usiokaangwa una ladha ya chaki. Hata hivyo ulimi uliwapeleka karibu na mahali ambapo maabara zilifika baadaye.

Ujuzi huo ndio aliokwenda nao Dodoma mama mmoja wa Unguja, mke wa mtumishi wa wizara ya Muungano, Serikali ilipoanza kuhamia huko baada ya tamko la mwaka 2016. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji mwezi Aprili 2018, na kina mama wengi waliofuata waume zao walijikuta katika nyumba mpya zilizozungukwa na vumbi jekundu, mbali na nazi na samaki, wakijifunza upya namna ya kupika. Mama huyu alikuwa na binti wa miaka sita, mwizi wa madonge kama watoto wote. Alitaka kumfanyia donge la biskuti asiloliogopa. Akanunua unga wa dona, kwa kuwa ndio uliokuwa rahisi kupatikana, akaukaanga sufuriani kwa mwiko, pole pole, hadi nyumba nzima ikanukia. Akautia maziwa ya moto, akausonga tena juu ya jiko, akatia samli, sukari, iliki, na zabibu alizozikausha mwenyewe juani. Kwani zabibu za Dodoma, za Makutupora na Hombolo na Mpunguzi, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukichanganya bei huwa ya kutupa.

Jirani yake alikuwa bibi mmoja, mwenyeji wa wilaya ya Chemba, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe. Aliitwa aonje.

"Linanukia, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mahindi yake yametoka wapi?"

"Sokoni, bibi."

"Sokoni ni njia tu. Nakuuliza yametoka wapi."

Mama akaeleza kwamba alinunua unga, hakununua mahindi, kwa hiyo hakuyaona. Bibi akashukuru kwa adabu zote, akaurudisha mkono wake mapajani, hakula.

Mgeni angeweza kukasirika. Lakini adabu ya bibi huyu ilikuwa na historia nyuma yake. Katikati ya mwaka 2016, mwaka ule ule ambao unga wa Marekani ulikuwa ukiwapeleka watu hospitalini, katika vijiji vya Chemba na Kondoa, na upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya Kiteto mkoani Manyara, watu walianza kugeuka manjano macho, kutapika, kuumwa na matumbo, kisha matumbo yakajaa maji. Ugonjwa haukujulikana mara moja. Ulipojulikana, wagonjwa 68 walikuwa wamehesabiwa, na 20 kati yao wamefariki. Chanzo kilikuwa mahindi, tena mahindi yaliyopikwa vizuri, yaliyosongwa ugali katika maji yanayotokota, katika nyumba ambazo hakuna aliyekula kitu kibichi.

Sumu yenyewe huitwa aflatoksini, na Waswahili wa siku hizi wameipa jina zuri la sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu inayoishi katika udongo na kuupanda mhindi ukiwa umedhoofika kwa ukame au kutobolewa na wadudu, ikaendelea kustawi ghalani punje zikihifadhiwa na unyevu. Tofauti yake na kijidudu ndiyo kiini cha habari hii. Kijidudu kina uhai, na chenye uhai hufa. Sumukuvu haina uhai wa kuuawa. Huvumilia joto linalopita nyuzi 200, na kukaanga kwa jikoni huipunguza kiasi tu bila kuiondoa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya nafaka. Katika mahindi yaliyochukuliwa kwenye nyumba zilizopatwa mwaka ule, ilikuwapo sampuli iliyozidi 50,000. Kenya ilikuwa imekwisha kuonja msiba huo mwaka 2004, huko Makueni na Kitui, ambako kati ya wagonjwa 317 walifariki 125.

Kwa hiyo hatari za donge moja ni mbili, na hazifanani. Moja huishia sufuriani. Nyingine hufika jikoni ikiwa imekwisha kufanya kazi yake, na mpishi hodari hana la kuifanya. Mwenye kusema "nimekaanga unga, basi ni salama" amejibu swali la Marekani akiwa amesimama Dodoma.

Wapo watakaosema waache unga kabisa, watumie karanga, zilizojaa katika masoko ya kati na husagwa vizuri zikawa laini kama siagi. Karanga ni ndugu wa mahindi katika shari hii. Sumukuvu yenyewe ilijulikana kwa wataalamu kwa sababu ya karanga: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula kilichotiwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Na kwa kuwa karanga zimetajwa, ni vigumu kuipita Kongwa bila kugeuza shingo. Ndipo Waingereza walipoanza mwaka 1947 ule mradi wao mkubwa wa karanga, wakaleta matingatinga, wakafyeka pori, mvua zikawanyima na udongo ukakauka kama saruji, hata mwaka 1951 wakauvunja baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Nchi ile haikuwaficha kitu. Wagogo walijua mvua zake, na hakuna aliyewauliza.

Mvua hizo ndizo zinazorudisha habari kwenye donge. Dodoma hupata msimu mmoja, kutoka Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Tena huweza kukatika wiki tatu katikati, mhindi ukiwa ndio kwanza unabeba. Nafaka za wazee wa huko zilikuwa uwele na mtama, zinazostahimili kiu, na ambazo kwa kawaida hazishikwi na sumukuvu kwa wingi kama mahindi, ingawa hazina kinga kamili. Kituo cha utafiti cha Hombolo kimeshughulika nazo kwa miaka mingi. Mbegu mbili za uwele zinazopandwa nchini huitwa Okoa na Shibe, majina ambayo mshairi asingeyaboresha. Lakini mahindi yamekuwa chakula cha heshima, na unga mweupe wa sembe hutazamwa kama alama ya mtu aliyeendelea. Mwenye shamba hupanda mahindi juu ya ardhi isiyoyataka, akavuna punje zilizoteseka kwa kiu, na katika mateso hayo ndimo kuvu hupata mlango.

Bibi wa Chemba hakumwachia jirani yake maneno matupu. Wiki iliyofuata alikuja na debe la uwele lililotoka kwa mdogo wake kijijini, ungo, na chupa ya soda yenye chumvi. Chupa ilikuwa ya kipimo ambacho mabwana shamba wamekifundisha: punje na chumvi kavu hutiwa ndani, hutikiswa, huachwa kidogo, chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ina unyevu na haifai kuwekwa ghalani. Haikuganda. Kisha wakakaa chini kwenye kivuli cha ukuta, wakapepeta na kuchambua punje, binti akisaidia na kuharibu kwa kiasi sawa. Iliyotobolewa, iliyovunjika, iliyokunjamana, yenye rangi ya mashaka, ziliwekwa kando. Kuchambua hakuoni kila kitu, kwa sababu punje yaweza kuwa na sumu na sura yake ikawa ya kupendeza. Lakini hupunguza sehemu kubwa, na kwa mtu asiye na maabara hiyo ndiyo maabara. Uwele ukakobolewa na kusagwa siku hiyo hiyo.

Donge lilifanywa hivi. Vikombe viwili vya unga wa uwele vilikaangwa bila mafuta, mwiko usitulie, hadi rangi yake ya kijivu ikaelekea kahawia. Kikombe kimoja na nusu cha maziwa kikachemshwa hadi kikapanda, kikamiminwa, na donge likasongwa juu ya moto kwa dakika kumi, hadi likaachana na sufuria. Likaepuliwa, likatiwa vijiko vinne vya samli, nusu kikombe cha sukari, iliki, chembe ya chumvi na zabibu kavu zilizooshwa kwa maji ya moto. Likafunikwa lipoe. Rangi yake haikuwa ya biskuti za kwenye picha. Ilikuwa ya udongo. Binti aliling'ang'ania kwa vidole vyote, na lililobaki likawekwa ndani ya friji, kwani joto la mchana wa Dodoma halina huruma kwa kitu chenye maziwa.

Kuna jambo ambalo wanaotoa ushauri wa chakula hulisema upesi mno: nafaka yenye mashaka itupwe. Ni rahisi kwa mwenye kununua kilo mbili dukani. Mkulima wa Kiteto au Chemba, mwezi wa Januari, ghala likiwa limebaki chini na mavuno mapya yako mbali, huambiwa atupe nini? Aghalabu hatupi, huwapa kuku, au humpa ng'ombe, au hupikia pombe. Na sumu haikubali kuishia hapo. Ng'ombe aliyekula mahindi hayo huitoa katika maziwa, na maziwa ndiyo yaliyowekwa mahali pa yai katika donge la mtoto. Dawa iliyo mbali kuliko zote, basi, ndiyo iliyo karibu na haki: mbegu inayofaa nchi, turubai la kuanikia ili punje zisilale udongoni, mifuko isiyopitisha hewa, na ile kuvu isiyo na sumu, Aflasafe, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, ambayo humwagwa shambani ili iinyang'anye nafasi kuvu yenye sumu. Vyote hivyo vina bei, na bei hiyo haimo katika hesabu ya anayenunua unga mjini.

Punje zilizochambuliwa siku ile zilijaa kopo moja. Kuku wa mwenye nyumba walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mama wa Unguja akainua kopo ili awamwagie, kama afanyavyo mtu yeyote. Bibi akamshika mkono. Akamwomba binti alete jembe, wakaenda wote watatu nyuma ya nyumba, na shimo likachimbwa hadi magotini.