Pilipili za Marikiti na Afya ya Nyumba Zetu

Aingiaye Soko la Mackinnon, ambalo sisi watu wa Mombasa twaliita Marikiti, hupokewa na harufu kabla ya kupokewa na mtu. Bizari, iliki, mdalasini na tangawizi. Na kando yake pilipili nyekundu zilizokauka, ambazo muuzaji akizichota tu, wapitao hupiga chafya.

Tumezizoea pilipili hizi hata tukazidhani ni zetu tangu asili. La, asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio waliozieneza pande za Bahari ya Hindi katika karne ya 16. Ngome yao haiko mbali na soko hili. Wao waliondoka, pilipili ikabaki, ikaolewa na nazi, ukwaju na ndimu.

Ukali wake watokana na kapsaisini, inayoamsha mishipa ya fahamu ile ile ihisiyo moto. Kwa kufumbua siri hiyo, David Julius alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ndiyo sababu supu yenye pilipili humtoa mgonjwa wa mafua jasho na kumfungua pua. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha watu karibu nusu milioni, ulionyesha kwamba waliokula vyakula vikali takriban kila siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 14, wakilinganishwa na waliovila chini ya mara moja kwa wiki. Hata hivyo, haukuthibitisha kuwa pilipili ndiyo sababu.

Faida iliyo mikononi mwetu akina mama ni nyingine. Shinikizo la damu limeingia majumbani mwetu, na chumvi ni mchochezi wake mkubwa. Mchuzi uliokolea pilipili, tangawizi na ndimu hauombi chumvi nyingi. Achari na pilipili za chupa, kinyume chake, mara nyingi zimejaa chumvi. Basi tununue pilipili nzima, tusage wenyewe.

Tusisahau kiasi. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo asilazimishwe. Wakati wa kufuturu, tende na maji vitangulie, bajia za pilipili zifuate. Na mtoto akiungua ulimi, apewe maziwa, kwani maji hayaiyeyushi kapsaisini.

Tukipita Marikiti wiki hii, tuijaze mikoba viungo, na kopo la chumvi tulipunguzie kazi.