Barabara ya Bagamoyo na gari lisilopona

Barabara ya Bagamoyo ina kituo cha daladala kinachoitwa Tangi Bovu. Kipo Mbezi Beach, kati ya Lugalo na Tegeta, na wanaopita hapo kila siku hawalifikirii tena jina hilo. Lakini Jumamosi asubuhi, familia ikiwa njiani kwenda Bagamoyo, watoto watatu kiti cha nyuma, na mshale wa joto ukianza kupanda kwenye dashibodi, jina hukumbukwa ghafla. Baba huzima kiyoyozi. Mama hushusha vioo. Mtoto huuliza kama wamefika.

Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo mjini ni kilomita kama 60 tu. Ni safari fupi, na ndiyo maana familia nyingi za Dar es Salaam huichagua kwa mapumziko ya siku moja: magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, kanisa la wamisionari waliofika mwaka 1868, samaki wa ufukweni, kisha kurudi kabla giza halijaingia. Hata hivyo foleni, joto na mzigo wa familia nzima hulipima gari kuliko safari za wiki nzima za kwenda kazini na kurudi. Ni kwenye barabara hii wengi hugundua kwamba kile walichodhani ni hitilafu ndogo ni ugonjwa wa kudumu.

Mwenge hadi Tegeta: milango mitatu ya kununulia

Kipande cha Mwenge hadi Tegeta, kilomita 12.9, kilipanuliwa kwa msaada wa Serikali ya Japani. Magari mengi yanayopita juu yake yametoka hukohuko Japani, yakiwa yameshatumika miaka kumi au zaidi kabla ya kupanda meli. Kenya huyakataa magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania haiyakatai, bali huyatoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Kwa hiyo gari la kwanza la familia nyingi hapa nchini ni gari lililokwishaishi maisha yake ya kwanza kwingine.

Mzazi wa kawaida hulipata kwa mlango mmoja kati ya mitatu. Wa kwanza ni yadi, mahali ambapo kuuza magari ndiyo kazi ya muuzaji. Wa pili ni mtu binafsi, mara nyingi kupitia dalali, gari likiwa tayari na namba za Tanzania. Wa tatu ni kuagiza moja kwa moja Japani kwa mtandao. Bei hutofautiana, na hilo kila mtu analijua. Wachache wanajua kwamba haki za mnunuzi nazo hutofautiana.

Anayenunua yadi ana ulinzi mkubwa zaidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huweka ndani ya mkataba sharti ambalo halikutamkwa na yeyote: kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Ila sheria hiyohiyo inasema kwamba mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Taa iliyopasuka na kuonekana na kila mtu si hoja. Ufa ndani ya injini ni hoja.

Anayenunua kwa mtu binafsi hana sharti hilo la ubora. Kinachobaki ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayomruhusu mtu kuuvunja mkataba alioingia kwa kudanganywa. Hapa kuna jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulishika: kunyamaza, kwa kawaida, si udanganyifu kisheria. Muuzaji asiyeulizwa na asiyesema kitu anaweza kuponyoka. Muuzaji aliyeulizwa akajibu uongo amejifunga. Ndiyo maana maswali yaulizwe, tena kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: Gari limewahi kupata ajali? Limewahi kuchemsha? Gia boksi imewahi kufunguliwa? Majibu hayo yasifutwe.

Kwa anayeagiza nje, muuzaji yuko mbali na kesi ni ngumu. Ulinzi wake upo kwenye karatasi kabla ya kulipa. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na karatasi ya mnada huwa na alama za daraja. Herufi R au RA mahali pa daraja humaanisha gari lilishatengenezwa baada ya kuumia. Herufi W kwenye mchoro wa bodi ni sehemu iliyonyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Cheti cha kulitoa gari Japani nacho huonyesha kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa huko. Kama kilomita za kwenye dashibodi ni chache kuliko za kwenye cheti, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Wengine hutuliza moyo kwa kuwa gari limekaguliwa chini ya taratibu za Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Ukaguzi huo ni muhimu, lakini hutazama usalama wa gari barabarani: breki, taa, matairi, usukani. Si ahadi kwamba injini itafika mwakani.

Boko, Bunju na daraja la Mpiji: daftari la gereji

Baada ya Tegeta, mlima wa Wazo na kiwanda chake cha saruji hubaki nyuma, na barabara huendelea Boko na Bunju. Pembeni kuna gereji za kila aina, nyingine zenye mashine ya kupimia, nyingine kivuli cha mwembe na boksi la spana. Mafundi wa huku wanajua kazi. Tatizo mara nyingi ni jinsi mwenye gari anavyowatumia.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa gari linalochemsha. Mara ya kwanza fundi hubadilisha mfuniko wa rejeta. Mara ya pili, kwa fundi mwingine, thermostati hutolewa na kutupwa, na gari hukaa sawa wiki tatu. Mara ya tatu inalaumiwa feni. Mara ya nne inagundulika gasketi ya silinda hedi ilishaungua, na hedi yenyewe imepinda. Kila fundi alitibu dalili aliyoiona siku hiyo, na hakuna aliyeambiwa yote yaliyotangulia. Fedha zilizotoka mara nne ni zilezile zilizotengwa kwa ada ya shule.

Dawa yake ni daftari. Kila gari linapoingia gereji ziandikwe tarehe, kilomita zilizosomeka, dalili, alichokifanya fundi na kiasi kilicholipwa. Risiti zibandikwe humo, na spea iliyotolewa irudi nyumbani hata kama imechakaa. Daftari hilo humsaidia fundi wa nne asirudie kazi ya fundi wa kwanza. Pia ndilo ushahidi, kwa sababu swali la kwanza la upande wa muuzaji litakuwa: kasoro hii ilikuwapo siku ya mauzo, au mmeisababisha ninyi?

Swali hilo ni halali. Gari la gia za CVT likijazwa oili ya gia boksi ya kawaida huharibika, na kosa si la aliyeliuza. Rejeta inayojazwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kuleti hushika kutu kwa ndani. Mzazi anayetaka kudai haki yake lazima awe amelitunza gari, na awe na karatasi za kuonyesha hivyo.

Mapinga, Kerege, Zinga: kile wanachokiita limau

Daraja la mto Mpiji ndilo mpaka: nyuma ni Dar es Salaam, mbele ni Mkoa wa Pwani. Foleni huisha, upepo wa bahari huingia kupitia dirishani, na minazi huanza kuonekana zaidi. Mapinga, Kerege na Zinga hupita haraka, kama gari ni zima.

Marekani gari lenye kasoro isiyoisha huitwa limau, na kuna sheria zenye jina hilo. Jimbo la Connecticut lilitunga ya kwanza mwaka 1982, na majimbo mengine yakafuata. Kanuni hutofautiana, lakini mtindo wa kawaida ni huu: gari jipya likirudishwa kwa kasoro ileile mara kadhaa, aghalabu nne, au likikaa gereji jumla ya siku 30 ndani ya muda uliowekwa, kampuni hutakiwa kulibadilisha au kurudisha fedha. Karibu na hapa, Afrika Kusini ina sheria ya mlaji ya mwaka 2008 inayompa mnunuzi miezi sita kurudisha bidhaa yenye kasoro. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 46, inataja haki ya mlaji kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha.

Tanzania haina sheria ya limau. Hakuna kifungu kinachosema mara nne na gari lirudi. Lakini kukosekana kwa sheria hiyo si kukosekana kwa haki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ina masharti yanayohusu mikataba ya walaji. Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya aina hiyo. Hata yale maneno yaliyozoeleka chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu ya kufuta sheria kwa kuwa tu yamechapwa.

Kinachoweza kumponza mnunuzi ni saini yake. Mkataba unaosema gari limeuzwa kama lilivyo, na kwamba mnunuzi ameridhika na hali yake, unaweza kumpunguzia sana hoja mbele ya hakimu. Mzazi asome kabla ya kusaini, au aombe mstari huo ufutwe na badala yake uandikwe muda wa matazamio, hata kama ni wiki mbili tu.

Muda nao ni sheria. Mnunuzi anayetaka kulikataa gari anatakiwa kusema mapema. Akikaa nalo kwa muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba analikataa, huhesabiwa kuwa amelipokea. Hapo hawezi tena kulirudisha. Anabaki na haki ya kudai fidia. Kwa hiyo siku gari linapochemsha mara ya kwanza, simu ya pili baada ya ile ya fundi iende kwa muuzaji, na baada ya simu ufuate ujumbe wa maandishi wenye tarehe. Muuzaji mwenye jina la kulinda mara nyingi atakubali kulitazama gari. Akikataa, hatua inayofuata ni barua ya madai, kisha FCC au mahakama. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka sita, lakini ushahidi wa gari hauwezi kusubiri hivyo. Kwa asiyemudu wakili, kuna mashirika ya msaada wa kisheria, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu jijini Dar es Salaam.

Bagamoyo mjini: hewa ya chumvi

Ufukweni Bagamoyo mafundi wa majahazi hukalafati mbao, yaani huziba mianya isiingize maji. Wanajua kwamba chombo cha baharini hakitengenezwi mara moja kikaachwa. Gari linaloishi Pwani lina tabia hiyohiyo. Hewa yenye chumvi hula chesesi, mabomba ya breki na viunganishi vya nyaya. Baadhi ya magari hufika yakiwa na kutu tayari, kwa kuwa kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kabla ya kununua gari, liinuliwe na litazamwe kwa chini. Rangi mpya nyeusi chini ya gari la zamani ni sababu ya kuuliza, si ya kufurahi.

Ipo kasoro nyingine isiyoonekana kabisa, nayo ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Makumi ya mamilioni ya magari duniani, ya kampuni nyingi, yaliitwa kurudishwa kwa sababu kemikali ya kufumulia mifuko hiyo huharibika taratibu kwa joto na unyevu, na mfuko unaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria wa mbele. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Pwani mwaka mzima. Takata ilifilisika mwaka 2017, lakini magari yake bado yanatembea. Namba ya chesesi inaweza kuulizwa kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari, au kwenye tovuti yake, ili kujua kama lilikuwa kwenye orodha na kama kifaa kilibadilishwa. Kuuliza huchukua dakika chache tu, na mara nyingi anayeketi mbele ni mama aliyempakata mtoto.

Kuna gari ambalo haliponi hata baada ya yote hayo. Daftari litaonyesha: jumla ya matengenezo ya mwaka ikikaribia bei ya gari lenyewe, uamuzi ni kuliuza. Hapo familia hujikuta upande wa pili wa meza. Mnunuzi mpya, pengine naye ana watoto watatu, atauliza kama gari limewahi kuchemsha. Anayejibu kweli atauza kwa bei ya chini, na atalala. Anayejibu uongo amempa mwenzake hoja ya mahakamani, na ameirudisha barabarani hatari ileile aliyoikimbia. Daftari la gereji likabidhiwe pamoja na kadi ya gari. Fundi wa Bunju atakayelifungua gari hilo mara ya tano atajua pa kuanzia.