Wanafunzi Wengi Wameelewa

Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tuna wimbo wetu mmoja: Waswahili hawasomi. Utausikia kila kijiwe tunachokutana, miswada ikishazunguka mikononi na kahawa ikishapoa. Mmoja atailaumu simu, mwingine bei ya karatasi, wa tatu atawalaumu wachapishaji kwamba hawana mshiko wala moyo. Na mimi nimeuimba sana, maana nina riwaya ya kurasa mia mbili na ushee iliyolala kwenye flashi na hakuna anayeiulizia. Lakini siku hizi nikiusikia wimbo huo hujiuliza swali la kipuuzi kidogo. Hao Waswahili wasiosoma, nani aliwafundisha kusoma? Na nani alihakikisha kwamba kweli wamejua?

Usifungue ukurasa mwingine kwanza, ndugu msomaji. Sina cheti cha ualimu, niliishia kidato cha nne. Riziki yangu naipata huku Mbagala, kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na walimu ni wateja wangu wazuri. Halafu nimelelewa na shangazi yangu, ambaye anafundisha darasa la kwanza tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo ualimu nimeupata kwa mlango wa uani, kupitia makaratasi.

Karatasi moja ndiyo iliyonichokoza niandike haya. Inaitwa andalio la somo. Mwalimu anatakiwa aliandae kabla hajaingia darasani. Juu kuna tarehe, darasa, muda, na idadi ya wanafunzi, waliosajiliwa na waliohudhuria, wavulana kwa wasichana. Chini yake kuna umahiri, lengo, zana, kisha jedwali la hatua za somo: mwalimu atafanya nini na mwanafunzi atafanya nini. Chini kabisa kuna mistari miwili mitatu ya tathmini na maoni. Hapo mwalimu anatakiwa aseme, kipindi kikishakwisha, watoto wamejua nini na kesho yeye atafanya nini.

Maandalio hayo nimeyachapa hadi nimeyakariri. Mengine huletwa yameshajazwa ya muhula mzima, na pale penye tathmini pameshaandikwa: "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Penye maoni: "Nitaendelea na mada inayofuata." Kipindi chenyewe ni cha mwezi ujao! Watoto hawajaingia darasani, lakini wengi wao wameshaelewa. Mimi ni mtu wa kutunga, hadithi ya kubuni naijua nikiiona. Kama kuna sentensi ya kubuni iliyotolewa nakala nyingi kuliko riwaya zetu zote, nadhani ni hiyo.

Siwacheki walimu. Anayewacheka aende kwanza akasimame mbele ya watoto 118, hiyo ndiyo idadi ya darasa la shangazi mwaka mmoja ninaoukumbuka. Tufanye hesabu. Kumsikiliza mtoto mmoja akisoma, ukajua kweli anasoma au anafuata mdomo wa mwenzake, kunataka kama dakika tano. Mara 118 ni dakika 590, karibu saa kumi, na hapo hujafundisha kitu. Sasa anakuja mkaguzi (siku hizi wanaitwa wathibiti ubora wa shule, jina refu lakini hofu ni ileile) na jambo la kwanza anauliza: "Mwalimu, andalio liko wapi?" Haulizi mtoto gani hajui herufi. Mwalimu mwenye akili atafanyaje? Ataandaa karatasi.

Mambo haya yana historia yake. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba watoto wote wa Tanzania waingie shule ya msingi kufikia 1977. Walimu hawakuwepo wa kutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wenyewe wakifundishwa. Mitaani wakaitwa walimu wa UPE, na wenye mdomo wakasema herufi hizo maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Kichekesho, ndiyo. Lakini mimi naona waliobuni mpango ule walikuwa na wazo moja la maana, kwamba mwalimu afunzwe palepale anapofanyia kazi, na awepo mtu wa kumfuatilia. Wazo hilo tumekuja kulitafuta tena baada ya miaka arobaini kama vile ni jipya.

Kilichotuamsha ni aibu. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walianza kupita nyumba kwa nyumba na karatasi yao rahisi: herufi na silabi, maneno, aya, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto wengi wa darasa la tatu waliishindwa ile hadithi. Mwaka 2012 serikali yenyewe ikasema kuna wanafunzi zaidi ya elfu tano waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza na hawajui kusoma na kuandika. Nilikuwa darasa la sita mwaka huo, na nakumbuka wakubwa walivyoshangaa kwa sauti kubwa. Shangazi hakushangaa. Alisema tu, "Hao wote walipita darasa la kwanza kwa mtu."

Basi ikaja mikakati. Matokeo Makubwa Sasa ya mwaka 2013, halafu mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili wa 2015 uliopunguza masomo na kuweka mbele KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wa madarasa hayo wakaitwa vyuoni kupigwa msasa. Shangazi akawa mmoja wao. Alikwenda ananung'unika, eti mtu wa miaka yote ile darasani anakwenda kufundishwa a, e, i, o, u na vijana wenye suruali za kubana.

Alirudi mtu mwingine. Jioni hiyohiyo alinituma vizibo vya soda, akaviandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, akavimwaga mkekani kama mtu anayetaka kupiga bao. Akaniambia walikuwa wakiwaimbisha watoto "ba, be, bi, bo, bu" mpaka paa linatikisika, na mwalimu aliye nje anasema darasa linasoma. Kumbe darasa linaimba. Kusoma ni mtoto kuitazama herufi, kuitoa sauti yake, kuiunga na ya pili, kisha neno limjie kichwani. Kama hujamsikiliza peke yake, hujui.

Halafu ikaja kazi ambayo mimi niliipenda kupita kiasi. Nilikuwa kidato cha pili, tayari najiona mtunzi. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, nitungie maneno ishirini yasiyo na maana." Walifundishwa kwamba mtoto anaweza kulitambua "baba" kwa sura yake tu, kama tunavyotambua nembo ya soda. Ila ukimpa neno ambalo halipo duniani hana pa kukimbilia, lazima asome. Nikacheka, nikaona ni kazi ya dakika mbili. Jaribu basi wewe! Kiswahili kimejaa. Nikaandika "bopa", akasema embe lililoiva sana hufanya nini? Nikaandika "dodi", nikajua hapo nimepatia. "Dodi ni waya za bangili, kamuulize bibi yako." Tulikaa mpaka taa ya chumbani ikaanza kuvutia wadudu. Mwisho tukapata "vube", tukapata "zepi", na mengine ya namna hiyo. Sijawahi kuheshimu silabi kama usiku ule.

Kipimo kingine ni cha dakika moja. Mtoto anapewa kifungu, mwalimu anashika saa, anahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa, kisha anauliza maswali ya ufahamu. Lengo lililowekwa kwa darasa la pili lilikuwa maneno 50 kwa dakika. Mtu aliyezoea Kiingereza ataona ni machache, lakini hebu tazama: "hawatanionyesha". Kwetu hilo ni neno moja, Mwingereza anahitaji matano. Nilipomwambia shangazi hivyo alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kufaa kitu. Na akaniongezea: mtoto akienda mbio na maswali yote akakosa, huyo naye bado. Yuko anayekimbia na yuko anayesafiri.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Tunapokaa kuna mama mmoja anayekaanga vitumbua alfajiri, na mwanawe alikuwa darasa la tatu katika shule nyingine ambayo sitaitaja. Ripoti zake zilikuwa safi, "anaendelea vizuri", na kweli jioni alikuwa anafungua kitabu uani na kusoma kwa sauti, mama yake anapepea moto huku anatabasamu. Siku moja shangazi akamwita, "Njoo baba, nisomee na mimi." Akasoma ukurasa mzima bila kusita. Shangazi akaweka kiganja juu ya mistari ya mwanzo, akagusa neno moja la katikati. Kimya. Akagusa jingine, fupi zaidi. Mtoto akaanza kuusema ukurasa kimoyomoyo tangu mwanzo, midomo inacheza, ili alifikie lile neno.

Mama yake alikuwa anaangalia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa ile ripoti, mwalimu, waliandika ya nani?"

Nimetunga mazungumzo mengi kwenye riwaya yangu, na hakuna swali humo linalolifikia hilo. Mtoto yule aliandikwa na mtu asiyemtazama. Wanafunzi wengi wameelewa, na yeye akahesabiwa ndani ya wengi. Shule ile mama aliiendea mara mbili. Akaambiwa mwalimu mhusika alishahudhuria mafunzo ya KKK, kwa hiyo ajue mwanawe yuko mikono salama. Baadaye tukasikia mwalimu huyo alikuwa ameshahamishiwa darasa la sita, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana mzuri. Darasa la kwanza wakampa mgeni ambaye hakwenda mafunzo yoyote.

Hapo nina ubishi na wakubwa. Mafunzo ya siku chache chuoni, pamoja na posho na picha ya pamoja, si haba, nimeona yalivyomgeuza shangazi. Lakini wanakwenda wachache, wanarudi kuwaeleza wenzao kwa saa moja chini ya mwembe, na kila yanaporudiwa yanapungua kama chai inayoongezwa maji. Tena nani kasema darasa la kwanza ni la mwalimu anayesubiri kustaafu au aliyegombana na mwalimu mkuu? Mimi ningeweka pale fundi kuliko wote wa shule. Mpango wa sasa wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unataka walimu wakutane shuleni kwao wajadili wanachokiona darasani. Mimi naukubali. Mradi tu mkutano wenyewe usije ukapata fomu yake, na mimi nikaanza kuitoa kopi ikiwa imeshajazwa.

Shangazi alitatua hesabu yake ya saa kumi kwa njia ya kawaida kabisa. Watoto sita kwa siku, wengine wakiwa kwenye kazi ya kuandika. Siku ishirini za shule, darasa lote limesikilizwa, unaanza tena. Aliwapanga mafungu kufuatana na pale kila mmoja alipokwama: herufi, silabi, maneno, aya. Fungu la herufi linakaa mbele, karibu naye, wala hakulipa jina la kuwaaibisha. Andalio lake likabadilika. Penye tathmini akaacha kuandika "wengi", akawa anaandika majina. Mkaguzi mmoja aliwahi kumwambia kwamba sehemu ile haitoshi majina, aandike asilimia. Akaandika asilimia hapo, na majina akayahamishia kwenye daftari la mistari la kawaida.

Daftari hilo ndilo aliloniletea nilichape, maana mwandiko unafifia na anataka wenzake walione kwenye kikao chao cha shule. Majina nimeyaondoa. Nakupa mistari michache kama ilivyo:

"Anachanganya b na d. Kesho aanze na baba na dada, vizibo viwili tu."

"Anasoma silabi zote, neno halimjii. Anaogopa. Asisomeshwe mbele ya wenzake wiki hii."

"Haoni ubaoni. Nimwite mzazi."

Na wa mtoto wa vitumbua, ambaye hayumo hata kwenye rejista yake, alikuwa anamfundisha jioni mkekani: "Mwezi wa tatu. Maneno ya silabi tatu anayaweza. Leo kasoma ubavuni mwa daladala, Mbagala Rangi Tatu, bila kuambiwa." Mwezi uliofuata: "Kasoma hadithi yote peke yake, na maswali kajibu. Kauliza kama kuna kitabu kingine. Hakuna."

Shangazi ameniomba nimchapie vijitabu vya kurasa nanenane, hadithi nitunge mwenyewe, sentensi fupi, na herufi ziwe kubwa. Nimeshamaliza viwili. Cha tatu kinanisumbua tangu Jumatatu, kina mbuzi anayepanda daladala na sijui namna ya kumshusha.